Mpishi Aliyetaka Kuwaona Samaki Wakiwa Hai

Ukimwita kadama, yaani mtumishi wa ndani, alikuwa haitiki. Aliendelea kukata vitunguu kana kwamba umemwita mtu wa nyumba ya jirani. "Mimi ni mpishi," alimwambia kila mgeni aliyeingia jikoni, na akiona mgeni hakuelewa, alirudia kwa Kiarabu. Ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ilisema ni mfanyakazi wa nyumbani, sawa na yangu, lakini yeye alisema ikama ni ya kuwaonyesha polisi tu, haijui kupika. Basi nami hapa nitamwita Mpishi. Ana kwa ana nilimwita Mama, kwa sababu alikuwa na umri wa mama yangu na alitoka Kenya kama mimi.

Tulikaa nyumba moja katika mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Yeye alishika jiko, mimi nilishika ufagio, nguo na pasi. Kila majira ya baridi familia ilihamia kwa muda kwenye fleti yao ya Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nasi tukahama nao. Dereva, Mkenya mwenzetu kutoka Bungoma, alituendesha njia nzima ya jangwa huku akibishana na Mpishi. Walibishana juu ya kila kitu: siasa za nyumbani, bei ya nyanya, kama ngamia ana akili. Mimi nilikaa kimya nyuma pamoja na masufuria. Sikuwa mtu wa maneno, na Mpishi hakunilazimisha. Nadhani ndiyo sababu alinipenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni namna alivyowasafisha samaki. Wapishi wengine hutoa matumbo wakatupa. Yeye alikuwa hatupi kabla ya kuyafungua. Aliyapasua kwa ncha ya kisu, akainama karibu, kisha akaniita.

"Njoo uone huyu alikula nini."

Siku moja ndani ya tumbo la najili, yule samaki mwekundu mwenye madoa anayependwa sana Jeddah, tulikuta kaa mdogo mzima, hata miguu haijakatika.

"Maskini," Mpishi alisema. "Alikuwa hajamaliza chakula chake."

Kisha akamtia najili ndimu na chumvi, akampeleka kwenye oveni bila huruma yoyote. Ndivyo alivyokuwa. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na kisu chake kilikuwa cha kweli pia.

"Hawa nimewapika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," aliniambia. "Na sijamwona hata mmoja akiwa hai. Mimi na samaki ni kama mtu wa mochari na watu. Anajua wengi, lakini hajasalimiana na yeyote."

Nilicheka mpaka nikaweka ufagio chini. Yeye hakucheka. Jambo hilo lilikuwa linamsumbua.

Pamoja na hayo, alikuwa anaogopa maji. Jioni za Ijumaa familia ikienda ufukweni, Mpishi alivua viatu, akasimama mahali ambapo wimbi hufika likiwa limechoka. Likimgusa kifundo cha mguu, alirudi nyuma. Alitoka upande wa milimani kwenye mashamba ya chai, na alisema kwao mto ni wa kuvuka, si wa kuingia.

Kuhusu baridi, alikuwa na mdomo mkubwa kuliko mtu yeyote niliyemjua. Watu wa Jeddah wakivaa makoti mwezi wa Januari, aliwatazama kwa dharau. "Hii si baridi, hii ni kivuli," alisema. "Kwetu mvua ya mawe huanguka ukiwa shambani, unaendelea kuchuma." Lakini mimi nililala naye chumba kimoja Riyadh kabla hatujahamia Jeddah, na Riyadh majira ya baridi si mchezo. Maji ya tangi la juu ya paa, ambayo wakati wa kiangazi hutoka moto ukatafuta pa kukimbilia, Desemba hutoka baridi yakauma mifupa ya vidole. Mpishi alilala na soksi, sweta mbili, na mtandio wangu kichwani. Nikimtazama, alisema sweta ni za mgongo unaouma. Mtandio hakuwahi kuutolea maelezo.

Alikuwa na shauri moja alilompa kila msichana mpya. Mimi alinipa wiki ile niliyoingia, siku niliyounguza abaya ya madam, mwenye nyumba, kwa pasi. Madam alikuja chumba cha kufulia, akapaza sauti, nami nikaanza kulia na kujieleza kwa Kiswahili, lugha ambayo madam haijui. Alipoondoka, Mpishi alinivuta jikoni.

"Usijibu. Usilie. Madam akianza, wewe shika pumzi. Angalia sakafu, shika pumzi, itapita. Hakuna hasira ya madam inayozidi pumzi ya mtu mmoja."

Nilijaribu, na ilikuwa kweli. Ukishika pumzi, uso hutulia na machozi hayapati njia. Baadaye nikagundua kwamba yeye hufanya hivyo kwa kila kitu. Alishika pumzi akifungua oveni, akitia pilipili kwenye mafuta moto, akipita na sinia katikati ya wageni, akisikia simu ya nyumbani ikiita saa isiyo ya kawaida. Mwili wake ulikuwa umejifunza hivyo, kama mwili wa mtu mwingine unavyojifunza kuchechemea.

Aliyeleta habari za kuzamia ni Binti. Huyu alikuwa kifungua mimba wa madam, akisoma chuo Jeddah. Alikuwa amejifunza kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa, pamoja na kikundi cha wanawake, na alikuja jikoni kumwonyesha Mpishi video kwenye simu. Mpishi alifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani.

"Huyo ni najili!" alipiga kelele. "Mbona mnene hivi? Sokoni kumbe wanatuuzia watoto wake!"

"Twende nawe, khala," Binti alisema. Aliwaita hivyo wanawake wote wakubwa, khala, mama mdogo. "Kocha wetu huwachukua wanaoanza. Kwanza bwawani, halafu baharini, mahali pa kina kifupi."

Wote tulijua kwamba hilo halitakuwa bila ruhusa ya madam. Binti alikwenda kuomba. Tulisikia mazungumzo sebuleni, kisha madam mwenyewe akaja mpaka mlangoni.

"Mimi sikatazi wala siamrishi," alisema. "Aamue mwenyewe."

Mpishi aliweka kisu chini. Madam alipoondoka, alinigeukia.

"Umesikia alivyonifanyia? Angesema nenda, ningeenda. Angesema usiende, ningekaa na maisha yangu. Sasa amenipa kazi."

Na kweli aliifanya kama kazi. Mpishi alikuwa mzito wa kuamua hata viatu. Dukani alivaa mguu mmoja, akatembea, akauliza rai ya kila aliyepita, halafu akatoka bila kununua. Kwa jambo hili aliuliza watu wote, akianza na Dereva, tukiwa ndani ya gari nje ya soko.

"Mama, usiende," Dereva alisema. "Wale samaki wanakujua. Umewamalizia ukoo. Ukishuka tu watakuchukua, wakufanye kabsa, wakulie na wali."

"Basi wanipike vizuri, wasinijaze chumvi kama wewe unavyopenda."

"Nasema ukweli. Mtu mweusi na kina cha bahari wapi na wapi?"

"Na mtu wa Bungoma na usukani wa gari la Mwarabu, hilo liliandikwa wapi?"

Dereva akaongeza sauti ya redio.

Kisha Mpishi akamuuliza bintiye aliyekuwa nyumbani Kenya. Jibu lilikuja kwa sauti kwenye simu, naye akaliweka tulisikie wote. "Mama, wewe ulienda Saudia kupika. Ukifia jikoni tutaelewa. Ukifia chini ya bahari, tutawaambia watu nini kanisani?"

Mpishi alicheka, lakini siku ile alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Nyumbani kulikuwa na kijana chuoni na mjukuu mchanga, na wote walikula kutoka mikononi mwake. Hilo hakulisema mara nyingi, lakini lilikuwa zito kuliko mtungi wowote.

Mwisho akaniuliza mimi. Nilisema sijui.

"Wewe peke yako ndiye uliyesema ukweli," alijibu.

Alikwenda kupimwa na daktari, masikio, presha na kifua, akaambiwa yuko sawa. Binti akampeleka bwawani saa ya wanawake, nami nikaenda kushika nguo. Kocha alikuwa mwanamke wa Jeddah, mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Alieleza kila kitu pole pole. Alisema bahari ya Jeddah watu huidhani ya moto mwaka mzima, lakini majira ya baridi, upepo wa kaskazini ukivuma, anayeanza husikia baridi haraka. Suti ya mpira huruhusu maji kidogo, mwili ukayapasha joto, lakini baada ya muda joto huisha. Mtu akitetemeka hupumua mbio, na hewa ya mtungi huisha mapema. "Ukitaka raha, khala, subiri kiangazi," alisema.

"Kiangazi niko Riyadh," Mpishi alisema. "Na mkataba wangu ukiisha ninarudi kwetu kabisa. Mimi nina majira ya baridi tu."

Kocha akakubali. Kisha akasema sheria moja, akairudia mara nyingi kuliko nyingine zote: chini ya maji usishike pumzi hata kidogo. Ukipanda juu umeshika pumzi, hewa hutanuka ndani ya kifua na inaweza kukupasua mapafu. Pumua tu, ingiza, toa, polepole, bila kukatiza.

Nilimtazama Mpishi, naye akanitazama.

Alivaa mdomo wa kupumulia, akapiga magoti kwenye maji yasiyomfika hata kifuani, akazamisha uso. Mapovu yakatoka mara moja. Kisha yakakoma. Kocha alimgonga begani, akamwambia apumue. Mapovu kidogo, kisha kimya. Alijaribu tena na tena. Kila alipoogopa, alifunga pumzi. Mwisho Kocha alimtoa, akamfunika taulo.

"Khala, siwezi kukupeleka baharini ukiwa hivi. Huogopi maji zaidi ya wengine. Ila unafunga kifua. Ni nani aliyekufundisha?"

Mpishi alisema hajui. Majira yale hakwenda tena. Njia nzima ya kurudi Riyadh hakubishana na Dereva, mpaka Dereva mwenyewe akaogopa, akaanza kumkubalia kwamba ngamia ana akili sana.

Jikoni Riyadh ndiko alikoanza upya. Aliamua kupumua. Watu watacheka, lakini ilikuwa kazi ngumu kumtazama. Alipokata vitunguu aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, kwa sababu mtu hawezi kuimba akiwa ameshika pumzi. Alipofungua oveni alipuliza kama treni. Mimi nilipewa kazi ya kumvizia. Nikimkuta amefunga kifua, nilitakiwa kugonga sufuria kwa mwiko. Niligonga sana.

Halafu ikaja siku ya wageni wa Baba, mume wa madam, ambapo mchele uliiva ukashikana. Madam aliingia na maneno. Mpishi aliangalia sakafu kama siku zote, lakini badala ya kukaa kimya, alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Akavuta tena, akaitoa, *hhhaaa*, katikati ya maneno ya madam.

Madam akakatiza. "Unanipulizia?"

"La, madam."

"Unashusha pumzi mimi nikisema? Umechoka nami?"

"La, wallahi madam. Nafanya mazoezi."

Nilikuwa nimesimama na sahani mikononi, na nilitamani ukuta unifunike. Binti, aliyekuwa amekuja likizo, alieleza haraka haraka mambo ya bahari na mapafu. Madam alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Mpishi kwa muda, kama mtu anayetazama kabati lake mwenyewe akakuta droo asiyoijua.

"Kwa hiyo nikisema, wewe siku zote ulikuwa hupumui?"

Mpishi aliangalia sakafu. Alipumua tu.

"Halas, yatosha," madam alisema. "Mazoezi fanya na mtu mwingine."

Akaondoka. Sitasema kwamba tangu siku ile hakupaza sauti. Alipaza. Lakini kuna siku alianza, akamsikia Mpishi akivuta hewa, akaishia njiani, akafungua friji kana kwamba ndiyo iliyomleta.

Nimesema Mpishi alikuwa mzito wa kuamua, na mtu angedhani kwamba mazoezi hayo yalimaanisha ameamua. Hapana. Nilipomuuliza kama atazamia, alisema, "Ninajifunza kupumua. Kuzamia ni jambo lingine." Alipenda kuweka mambo katika masufuria tofauti.

Kabla ya majira ya baridi yaliyofuata, dada yake madam alihitaji msichana, nikapelekwa kwake Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Siku ya kuondoka Mpishi alinipa mtandio wangu, umefuliwa na kukunjwa. Tuliachana jikoni. Kwa miezi kadhaa nilisikia sauti yake kwenye simu tu, akiniambia amepika nini.

Asubuhi moja ya Ijumaa, Januari, Dereva alifika mlangoni petu. Binti alikuwa amemwomba khala yake aniruhusu. "Mama anakuhitaji," Dereva alisema. "Anataka mtu wa kumshikia taulo ambaye hasemi sana. Tumetafuta Jeddah nzima, tumekosa mwingine."

Nilimkuta ndani ya mashua, amekaa kwenye benchi, amevaa suti nyeusi ya mpira iliyombana kila mahali. Alikuwa amepungua kidogo, na nywele za mbele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Aliniangalia kwa ukali.

"Usicheke. Nafanana na nini?"

"Na mtu, Mama."

"Sawa. Kaa hapa."

Mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki chache. Upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma, na bahari ilikuwa na mikunjo midogo midogo. Mimi nilikuwa na sweta na bado nilijikunyata. Mashua ilipotia nanga karibu na mwamba, Kocha aliingiza mkono majini, akamwambia Mpishi afanye vilevile. Alifanya, akautoa haraka.

"Ni kivuli?" nilimuuliza.

"Hii ni baridi," alikubali. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

Kocha alimwambia wazi kwamba safari hii bwawani alikuwa amefaulu, lakini kufaulu si deni. Anaweza kukaa kwenye mashua, akanywa chai, na hakuna atakayemdharau. Akipenda, watashuka kwa kamba, Kocha akimshika mkono, Binti upande wa pili, na akitoa ishara tu, wanapanda polepole. Kisha Kocha akanyamaza. Binti naye akanyamaza. Wote walimngojea Mpishi, na niliona jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni kwake bado, watu kumngojea yeye.

Alitazama maji. Alinitazama mimi.

"Unasemaje?"

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui," alisema. "Twende tukajue."

Akaweka kile kidude cha kupumulia mdomoni, akakaa kwenye ukingo, akaingia. Nilisikia akipiga kelele ndani ya kidude maji yalipoingia mgongoni, neno la Kikikuyu ambalo sitaliandika. Wakakaa kwenye kamba kwanza, mpaka pumzi yake ikatulia. Kocha akamwonyesha kidole gumba chini. Mpishi akaonyesha chini. Vichwa vitatu vikatoweka.

Niliinama kwenye ukingo. Mapovu yalikuja kwa vishada, mengi, kisha machache, kisha mengi tena. Mara moja yalipungua nikajikuta nagonga ubao wa mashua kwa kiganja, kama mjinga. Yakarudi.

Walipopanda, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na meno yalikuwa yanagongana. Nilimfunika taulo, nikampa chai ya tangawizi. Hakuweza kushika kikombe vizuri, nikamshikia. Dereva, aliyekuwa amekaa karibu na nahodha akijifanya hajali, alikuja mbio.

"Mama! Najili umemwona?"

Mpishi alitikisa kichwa.

"Hata mmoja?"

"Sijaona chochote," alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Nilikuwa napumua. Huwezi kufanya yote mawili. Niliangalia ile kamba tu, na nikapumua."

Binti aliniambia baadaye kwamba walikuwa wamewazunguka, wekundu wenye madoa, karibu kiasi cha kugusa. Lakini pale mashuani hakusema neno. Kocha aliangalia kipimo cha mtungi, akamwangalia Mpishi usoni, akamshika vidole kuona kama vina joto. Alimwambia anaweza kuishia hapo, ameshafanya, hiyo ni heshima yake. Au akae ndani, avae koti, apate joto kabisa, na kama atakuwa hatetemeki tena, watashuka mara nyingine kwa muda mfupi. Aamue mwenyewe.

Mpishi alikunywa chai mpaka chini. Aliomba kikombe cha pili. Alivaa koti la Dereva juu ya suti, akakaa mahali ambapo upepo haukumfikia. Tulikula mkate na zeituni. Hakuna aliyemuuliza tena. Jua lilipanda, meno yake yakatulia, na mashavu yakarudia rangi yake.

Kisha akasimama, akamrudishia Dereva koti.

"Nisaidie mtungi," aliniambia. "Kupumua nimeshajua. Sasa naenda kuangalia."